Miguu Chini ya Mfarishi

Usinikunjie pua. Ukitaka kukunja pua nenda ukaikunje nje kwenye theluji, si mbele ya samawari yangu. Nyinyi mliosoma mpaka chuo mnaamini vijidudu vya ndani ya maji ambavyo hamjawahi kuviona, lakini mtu akiwaambia alichokigusa kwa mguu wake mwenyewe mnasema uzee umempanda kichwani. Mimi nilisoma madarasa sita tu, na katika hayo sita nilijifunza kuhesabu. Watu wanne wana miguu minane. Siku ile chini ya mfarishi wa Ghamartaj kulikuwa na miguu kumi.

Ghamartaj alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa hapa Hamadan. Wakati wa Shah alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja huko Tehran. Alivaa viatu vya kisigino, nywele zikamsimama kichwani kama keki, na akikusimulia habari za siku zile ungedhani hata mvua ilikuwa ikinyesha kwa adabu. Kaka yake, Yadollah, fundi wa saa, alihamia kwake baada ya kufiwa na mkewe. Yeye siku hizo hizo alizimalizia gerezani. Walimkuta na vikaratasi vya kumpinga Mfalme, wakamfunga kwenye kitanda cha chuma, wakamchapa nyayo kwa waya mpaka zikapasuka. Tangu hapo hakuna aliyemwona miguu mitupu. Alilala na soksi kiangazi na kipupwe.

Kati yao alikuwapo Nushin, mtoto wa miaka kumi. Baba yake alikuwa Khosro, mwana pekee wa Ghamartaj, na Khosro alichukuliwa na hawa waliokuja baada ya Shah, wale ambao Yadollah aliwashangilia barabarani. Nushin alikuwa bado ananyonya. Khosro hawakumrudisha, wala hawakuonyesha kaburi. Walirudisha miwani yake. Mama wa mtoto akaolewa mji mwingine, mtoto akabaki kwa bibi yake.

Sasa watu hao waweke kwenye korsi moja kila Ijumaa ya baridi, meza fupi yenye mkaa chini yake na mfarishi mmoja mkubwa juu, kila mtu amekaa upande wake na miguu ya wote inakutana gizani kwenye joto. Mimi nilikaribishwa kwa sababu mbele ya mgeni hawakurushiana sahani.

Ugomvi ulianzia kwenye mkate kila mara. Ghamartaj atasema mkate wa zamani ulikaa siku tatu bila kukauka. Yadollah atasema anaujua mkate wa zamani, aliula gerezani na mavi ya panya. Dada mtu atasema aache uongo, wale vijana wa Shah walimtekenya nyayo kidogo tu, naye kwa hasira ya kutekenywa akaliletea taifa zima msiba. Yadollah atamuuliza nani alikuwa akiwachapia makaratasi yao kwa kucha zilizopakwa rangi. Hapo Ghamartaj ataweka kijiko chini.

"Wewe wako walikurudisha na miguu miwili," atasema. "Mimi wangu nilirudishiwa miwani."

Kisha mafuta ya nyama ya kondoo yanaganda sahanini, na Nushin anatazama huku na huku kama mtu anayesubiri kuvuka barabara.

Ijumaa ninayoisema, theluji ilikuwa imefunika ua wote na mwanga wa adhuhuri uliingia mweupe hadi ndani. Nilinyoosha miguu kuelekea kwenye mkaa, na mguu wangu wa kulia ukagusa kitu cha baridi. Chini ya korsi hakuna kitu cha baridi, ndiyo maana ya korsi. Kilikuwa kigumu, kimepasuka katikati kama kwato, na juu yake kulikuwa na manyoya yaliyoloa. Nikainua pindo la mfarishi. Mkaa, soksi za Yadollah, soksi za sufu za Nushin. Lakini harufu ilinipanda usoni, harufu ya nywele zilizoungua.

Nushin akaniinamia sikioni. "Bi Sogra, usimkanyage. Ana majonzi."

"Nani, mwanangu?"

"Mama wa yule mtoto."

Hapa lazima nikueleze kitu, ingawa kama mama yako angekulea vizuri ungekijua. Sisi hatumwagi maji ya moto ardhini bila kusema bismillahi. Unasema ili wale wa chini wasikie, wawavute watoto wao kando. Jina lao hatulitaji. Tunawaita Walio Bora Kuliko Sisi, kwa sababu ukilitaja wanageuka kukutazama. Kila mwanamke wa mtaa huu anasema neno lile bila kufikiri, kama anavyopepesa jicho. Ila Ghamartaj. Siku aliyorudishiwa miwani aliapa kwamba mdomo wake hautatamka tena neno lolote linalosemwa na wanaume wa redioni. Aliacha neno lile mezani, akaliacha mlangoni, akaliacha hata mbele ya samawari. Nilimwonya. Akaniambia, kama Mungu alikuwa upande wa wale, maji yake ya moto aje ayadake mwenyewe.

Basi wiki ile alikuwa amemwaga maji yanayochemka kwenye tundu la uani yanapotokea maji machafu, kimya, midomo imekazwa. Na mtoto wa wale alikuwa anacheza pale. Haya nilinong'onezwa na Nushin huku bibi yake na babu yake wakibishana juu ya sinema. Mtoto alichubuka mwili mzima, akafa kabla ya asubuhi. Tangu hapo mama mtu huja kukaa na Nushin chini ya mfarishi na kumsimulia.

"Anakusimulia nini?"

"Za zamani. Kwao mwaka haujageuka, Bi Sogra. Anasema Baba yuko huko, anaendesha baiskeli, na miwani yake anayo."

"Na yeye anataka nini?"

Mtoto akanitazama kama mimi ndiye mdogo. "Anataka mtoto."

Niliyasema yote mezani, palepale. Mtu mwenye akili angemnyakua mtoto akakimbia. Ghamartaj alipauka, ni kweli. Kisha nikaona jicho lake linabadilika. Akamwegemea mjukuu wake na kusema taratibu, "Muulize, roho yangu. Koti langu la kijani lilikuwa na vifungo gani?"

Nushin akainamisha kichwa kwenye mfarishi. Tulisikia mkaa ukilia. "Vya mfupa, Bibi. Kimoja kilidondoka sinema, ukakitafuta kwa kiberiti."

Ghamartaj akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Mmesikia? Nilikuwapo. Sikuota."

Ningedhani Yadollah, mtu wa vitabu, atamnyamazisha. Alisogea mbele mpaka kifua kikagusa meza. "Muulize kile chumba cha gerezani," akasema, na sauti yake haikuwa sauti ya mchana. "Muulize walikuwa wanafanya nini."

Mtoto akasikiliza tena. "Walikuwa wanakunywa chai, Babu. Mmoja anapiga, mwenzake anamenya chungwa. Anakuuliza kama unataka kipande."

Yadollah akafunika uso. "Chungwa," akasema. "Ghamar, chungwa sijawahi kumwambia mtu yeyote. Hata mke wangu."

Na dada yake, Mungu amsamehe, akasema huenda machungwa ya wakati ule yalikuwa matamu.

Tangu Ijumaa ile nyumba haikuogopa tena, na hapo ndipo mimi nilipoanza kuogopa, kwa sababu waliacha kumtuma mtoto shuleni ili wamuulize, mmoja kutoka upande huu na mwingine kutoka upande ule, bei ya nyama na majina ya askari jela, rangi za mabasi na vilio vya vyumba vya jirani, kila mmoja akikusanya ushahidi wake, na kila jibu lilipotoka mtoto alipungua kidogo, akaacha kula, mikono ikawa ya baridi hata ukiishika juu ya mkaa, harufu ya nywele zilizoungua ikaingia kwenye mapazia na kwenye mchele na kwenye nguo zilizokuwa zimeanikwa kwangu, upande wa pili wa ukuta, na mchana kweupe, wakati wote wamelala usingizi wa baada ya chakula, nilisikia juu ya vigae vya uani kwao kitu kikitembea polepole, tak, tak, kikienda hadi kwenye lile tundu na kusimama, kisha kikirudi ndani, na theluji ya uani ilikuwa haina alama za viatu.

Nikamleta Mirza Davud, mwandishi wa dua. Ni mtu mpole, ana kikohozi. Aliweka bakuli lake la shaba juu ya korsi, akasoma, akatazama maji muda mrefu. Hakuomba kondoo wala kuku. Alisema mama aliyefiwa haning'inii shingoni mwa watu kwa ajili ya nyama. Anataka yule aliyemwaga maji asimame penye tundu, aseme neno aliloliacha, na aombe radhi kwa sauti, kabla jua la leo halijazama. Jua likizama, atachukua alichofuata. Akafunga bakuli lake, akaondoka. Hakunywa hata chai.

Ghamartaj akasema, "Mimi niombe radhi? Mimi ndiye ninayeidai nchi nzima."

"Sema tu, mwanamke," nikamwambia. "Ni maneno mawili."

"Kwanza huyu aseme. Aniangalie usoni aseme alikosea kuwashangilia."

Yadollah akasema atasema, tena kwa furaha, siku dada yake atakapokiri kwamba kaka yake alichapwa. Asiseme kutekenywa. Kuchapwa. Na kwamba alipomjia gerezani aliona damu kwenye viatu vya kaka yake, akageuza uso, akaongelea hali ya hewa. Ghamartaj akasema hakuona damu. Yadollah akavua soksi.

Sitakueleza nyayo zile. Nitasema tu kwamba alikuwa na haki ya kuvaa soksi.

Ghamartaj alizitazama kwa muda ambao mwanga wa jua ulipanda kutoka kwenye zulia hadi ukutani. Kisha akainuka, akachukua birika, akatoka uani na kandambili zake kwenye theluji. Nushin alikuwa amelala kwenye upande wake wa korsi, mfarishi umemfika kidevuni, macho wazi. Nikamshika mkono nikamwambia sasa hivi tu, mwanangu, vumilia, bibi yako anasema.

Kupitia dirishani nilimwona Ghamartaj amesimama penye tundu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomjua. Akainamisha kichwa, na nikaona midomo yake inafunguka kwa herufi ya kwanza, naapa, niliiona ile herufi.

Na Yadollah, miguu mitupu, machozi bado shavuni, akashindwa kunyamaza. Miaka yote ile ya kubishana, na siku hiyo moja tu ya kunyamaza akashindwa. Akafungua dirisha akasema, "Tazameni, leo malkia anashuka kitini."

Ghamartaj akageuka. Birika mkononi, akamjibu. Akamjibu kuhusu mkate, kuhusu barabara, kuhusu vijana wenye ndevu, kuhusu miwani, naye akamrudishia, dirisha wazi na baridi inaingia, na mimi nikipiga kelele kwa wote wawili nikasikia mkono niliokuwa nimeushika ukipata joto.

Ukutani hapakuwa tena na mwanga; jua lilikuwa limezama.

Nushin akaketi. Mashavu yalikuwa mekundu, kwa mara ya kwanza tangu theluji ianze. Akatoka kwenye mfarishi, akaniuliza kwa adabu kama ningependa chai. Nikainua pindo. Soksi zake za sufu zilikuwa chini karibu na mkaa, tupu, zimeumuka kana kwamba miguu imo bado.

Alitoka jikoni na sinia. Zulia lilimeza hatua zake, lakini pale kizingitini penye kigae nilisikia. Tak. Ghamartaj na kaka yake walikuwa wameshaingia ndani, wameshakaa, bado wanabishana. Mtoto akasuuza bilauri kwa maji yanayochemka, akaenda kwenye ukingo wa ua kuyamwaga, na kabla ya kumwaga akasema, "Bismillahi," kwa upole, kama mwanamke anayejua kuna watoto chini. Mtoto ambaye katika nyumba ile neno hilo hakufundishwa kamwe.

"Njoo, roho yangu," Ghamartaj akamwita. "Muulize yule mwenzako, ile barabara yetu ya Tehran ilikuwa na miti gani."

Mtoto hakuinamisha kichwa kwenye mfarishi. Alimwekea bibi yake chai, akamtilia sukari.

"Niulize mimi tu, Bibi," akasema. "Nakumbuka."

Ghamartaj akatabasamu. Yadollah akasogea karibu, naye alikuwa na swali lake.

Sikunywa ile chai. Nilitafuta viatu vyangu, nikajifunika baibui, nikatoka, na mlango nikaufunga mwenyewe.