Sungura wa Chumba Kisicho na Mawimbi

Sogeeni kwenye jiko, wajukuu, na wewe unayetafuna mbegu za alizeti, funga mdomo. Hadithi hii haipendi kelele, nami nimechoka, sitairudia.

Pale Leningrad, miaka ile baada ya vita, daktari Rimma Lvovna alipewa nyumba kuukuu apimie madhara ya mawimbi ya redio. Katika kiwanda kimoja cha mji huo kulikuwa na tanuru lisilo na moto, linalopasha chuma kwa mawimbi hayo, na wanawake wake walikuwa wakisinzia wamesimama. Taisia, mdogo wake Rimma, alikuwa mmojawapo. Wakubwa wakasema ni uvivu: leta ushahidi, ndipo tulifunike tanuru kwa wavu wa kuzuia mawimbi na tuwape maziwa wanayopewa wenye kazi ya hatari.

Rimma akaweka sungura ishirini kwenye chumba chenye mtambo wa mawimbi, na ishirini jikoni, mbali na mawimbi, wa kulinganishia. Dada yangu Pelageya ndiye aliyewalisha.

Ajabu, wa jikoni ndio waliotangulia kulegea.

"Karoti hawajaigusa, Daktari."

"Umewabadilishia chakula, Shangazi?"

"Mimi? Marehemu mume wangu nilimpikia kabichi miaka thelathini, nije kuwabadilishia sungura!"

Rimma hakucheka. Tume ya kukagua ushahidi ingekuja baada ya mwezi. Kama sungura wote wangelegea sawasawa, Taisia angebaki tanurini vilevile.

Siku ya tatu, mchana kweupe, Pelageya akasikia pumzi nyuma ya jiko la matofali, pumzi ya mzee mwenye kifua, ikafuata harufu ya sufu iliyoungua, kisha akaona migongo ya sungura ikibonyea, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kitu kizito kisichoonekana kinawakanyaga kikitafuta pa kukaa, mpaka kikamfikia yeye, kikamkalia kifuani, na uchovu ukamwingia kama maji ya theluji yanavyoingia kiatu kilichotoboka, hata kulitaja jina lake mwenyewe akaona kazi.

"Ni babu wa nyumba, mzimu anayelinda jiko la wenyeji," akamnong'oneza Rimma. "Waliohamishwa kutoka hapa hawakumwita afuatane nao. Kaachwa peke yake, ana njaa."

"Niandike hivyo kwenye ripoti?"

"Usiandike. Toka tu, mwanangu, kavute sigara yako."

Pelageya akavua kiatu kimoja cha sufu, akatia kipande cha mkate mweusi, akakiweka mbele ya jiko.

"Babu, hapa si kwako tena. Panda, twende kwangu."

Kiatu kikawa kizito. Akakiburuta kwa kamba kwenye theluji, mguu mmoja una soksi tu, mpaka chumbani kwake.

Rimma akaanza upya na sungura wapya. Safari hii wa jikoni walirukaruka, wa mtamboni wakalegea. Tume ikaja, ikaona, ikatia sahihi.

Basi Taisia na wenzake wakarithi wavu wa shaba, saa pungufu za kazi, na nusu lita ya maziwa kila siku. Rimma akarithi cheo. Pelageya hakupata tena usingizi wa kumpumzisha. Alikufa kabla theluji haijayeyuka, amekaa mezani, kijiko mkononi. Mimi nikarithi chumba hiki, na kiatu kile pale nyuma ya jiko. Kwa mkono mmoja hakiinuki hadi leo.

Nikifa, mmoja wenu atakirithi. Mbona mnapiga miayo, na asubuhi hii hata chai hatujanywa?