Chai ya Msomaji wa Habari

Kila alipotoka shule, Ailsa Tolmie alipanda ngazi za jengo lao, akapita mlango wa kwao bila kuugusa, akagonga wa jirani. Kwao hakukuwa na mtu. Mama yake alifariki mwanzoni mwa mwaka, baada ya hospitali kumwambia arudi baadaye, kisha arudi tena baadaye, mpaka baadaye ikapita. Baba yake, Rab, alikuwa Glasgow kwa watu wa televisheni na alirudi giza limeshaingia.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Bibi Effie Lamont, mjane wa mwendesha winchi bandarini. Alimvua koti lililolowa, maana mvua ya Greenock, mji wao wa bandari, haina likizo, akalitundika karibu na moto, akampakulia supu ya shayiri. Hakuuliza habari za shule kabla bakuli halijawa tupu.

Rab alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha meli. Wakati wa mapumziko aliwaiga wasimamizi wanavyotembea mikono nyuma, na wenzake wakamwaga chai kwa kucheka. Wakaanza kumwita kwenye dansi za chama chao cha wafanyakazi, kisha kwenye kumbi za bia, mwishowe televisheni ikamtaka. Siku wakubwa wa kiwanda walipopunguza watu, walimpunguza yeye mapema. Walikuwa hawajasahau jinsi alivyowaiga. Tangu hapo kuchekesha hakukuwa mchezo tena. Ndiko kulikowalisha.

Lakini baada ya mazishi vichekesho vilimkaukia. Bwana Carswell, mkubwa wa kipindi, alimwambia kila wiki kwamba anataka kitu kipya, na kwamba wako wengi wanaoingoja nafasi yake. Jioni Ailsa alimwona baba yake mezani, viazi vimepoa mbele yake, anautazama ukuta.

Jioni moja hakuweza kuvumilia. Akamsimulia jambo aliloliona kwa Bibi Effie. Saa ya taarifa ya habari ikikaribia, Bibi Effie huvua aproni, huchana nywele, hujipaka rangi kidogo mdomoni. Msomaji wa habari akitokea kwenye kioo cha televisheni, yeye humwambia, "Karibu, bwana," akammiminia chai na kuweka kikombe mezani, karibu kabisa na televisheni.

Rab alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho, na Ailsa, ambaye hakuwa amesikia kicheko kile tangu mama yake alipougua, alihisi nyumba imewashwa taa. Kisha Rab akamgeukia.

"Nikiisema hii kwenye kipindi, Bibi Effie hatachukia?"

Ukweli ni kwamba Bibi Effie alikuwa amemwambia waziwazi, "Haya ya kwangu yaishie humu ndani, mwanangu." Ailsa aliyakumbuka maneno hayo vizuri. Lakini aliutazama uso wa baba yake, akaogopa usije ukazimika tena.

"Nimeshamuuliza," akasema. "Amesema sema tu."

Kwenye kipindi Rab hakumtaja mtu jina. Alisema "jirani yangu wa mlango wa pili", akidhani inatosha kumficha. Huenda ingetosha kwa watu wa Glasgow. Kwenye mtaa wao, nani hakujua mlango wa pili wa Rab Tolmie ni wa nani?

Kesho yake muuza nyama alimuuliza Bibi Effie kama amfungie na soseji ya bwana wa habari. Wavulana walimfuata barabarani wakiimba, "Karibu, bwana. Sukari vijiko vingapi?" Mmoja alikuwa amejipaka mdomo rangi ya dada yake.  Bibi Effie alitembea na kikapu chake, shingo imenyooka, akaingia ndani.

Mchana ule Ailsa aligonga mlango, na harufu ya supu ilikuwa inatoka chini yake, lakini hakufunguliwa. Jioni televisheni ya Bibi Effie ilikuwa nje kwenye kona ya ngazi, imegeuziwa ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Rab aliporudi hakuiona. Taa ya ngazi ilikuwa imeungua siku nyingi, na manispaa, ambayo haikusahau hata mara moja kudai kodi, ilikuwa imeisahau taa.

Kisha zikaja ngazi zenyewe. Katika jengo lile kila nyumba ilikuwa na wiki yake ya kuziosha, na aliyemaliza alitundika kibao cha kadibodi kwenye mlango wa anayefuata: ZAMU YAKO. Safari hii kibao kilitundikwa kwa Bibi Effie, kikakaa hapohapo. Matope yakaganda. Bi Nettie wa chini alisimama mlangoni na majirani wengine, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba Effie aliziosha ngazi hata wiki aliyomzika mumewe, na kwamba kama leo ameziacha, basi ana mpango wa kuhama.

Ailsa alisikia, akapanda ngazi bila kuwasalimu.

Jioni hiyo Rab aliingia na samaki na chipsi za moto, na furaha usoni. Bwana Carswell ameipenda ile hadithi ya chai. Anataka irudiwe kwenye kipindi cha kufunga mwaka, moja kwa moja hewani, tena Rab avae wigi na aproni. Ikifanya vizuri watampa mkataba wa mwaka mzima.

"Siku hiyo mwite Bibi Effie aje muangalie pamoja," alisema. "Nusu ya sifa ni zake."

Ailsa alisema hana njaa. Alilala akiiona ile aproni hata akifumba macho.

Jumamosi asubuhi, baba yake akiwa bado amelala, alichukua ndoo, brashi na kipande cha udongo mweupe wa kuchorea kingo za ngazi, akaenda kuosha zamu ya Bibi Effie. Alianzia mlango wa mtaani, akapiga magoti, akasugua kwa nguvu zake zote akipanda juu. Alipofika karibu na juu aligeuka kutazama kazi yake. Maji machafu ya kila ngazi yalikuwa yameshuka kwenye ile iliyo chini yake, na mistari yote myeupe ilikuwa imekuwa uji wa kijivu.

Mlango ukafunguka. "Nani alikufundisha kuosha ngazi kwa kupanda?" Bibi Effie aliuliza.

"Hakuna, Bibi."

"Inaonekana."

Ailsa alitaka kueleza kuhusu ngazi, lakini yaliyotoka ni mengine. Alisema yote: kwamba ni yeye aliyesimulia, kwamba baba aliuliza, na kwamba yeye ndiye aliyemwambia Bibi amekubali.

Bibi Effie alikaa kwenye ngazi yenye maji kana kwamba hakuiona.  Kisha akasema kwamba Archie wake, marehemu mumewe, hakuwahi kurudi kutoka bandarini saa ile ya habari bila kukuta kikombe mezani, na kwamba bwana yule wa habari ana sauti kama yake, hasa anaposema usiku mwema.

"Nilijua ni mchezo," alisema. "Lakini ulikuwa wangu. Baba yako anajua ulimdanganya?"

"Bado."

"Basi ngazi hazijaisha."

Ailsa alimwamsha baba yake, akamwambia. Rab hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza zaidi. Alitoka na fulana yake ya kulalia, akaibeba televisheni, akasimama nayo mbele ya mlango wa jirani. Alipofunguliwa alisema, "Effie, nilipaswa kukuuliza wewe mwenyewe, si kumtegemea mtoto. Hiyo hadithi haitasikika tena kinywani mwangu."

Rab alipompigia kutoka kibanda cha simu, Bwana Carswell alimjibu kwamba asipoileta, mkataba asahau. Rab alirudi akiwa ameloa. Alikaa mbele ya binti yake.

"Hii ya kuosha ngazi kutoka chini ingewachekesha watu," alisema. "Lakini ni yako. Ukisema hapana, siisemi."

Ailsa alifikiria wavulana wa mtaani, uso ukamwaka moto. Akamwambia aiseme, lakini amtaje kwa jina lake.

Siku ya kipindi Ailsa aliangalia kwa Bibi Effie. Rab hakuwa na wigi wala aproni; alisimulia ngazi za Ailsa, kwa jina lake. Mkataba haukuja, Bwana Carswell alikuwa na mtu mwingine kabla mwaka mpya haujaanza, na Rab akarudi kwenye kumbi za bia, kwa malipo madogo.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jioni ile, kabla Rab hajatokea kwenye kioo, Bibi Effie alivua aproni, akachana nywele, akaweka kikombe mezani.

"Karibu, Rab," alisema. Kisha akamgeukia Ailsa. "Kumfurahisha baba yako hakukuwa kosa, mwanangu. Kosa ni kwamba ulimpa kitu kisicho chako, halafu ukadanganya ili akipokee. Siku nyingine uliza kwanza. Na ukijibiwa hapana, ipeleke hapana kama ulivyopewa."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wiki ijayo zamu ni yenu. Utaanzia juu."