Bajaji Haishikiliwi kwa Bega

Mume wangu alikuwa dereva wa bajaji. Mtaani walimwita Fasta, maana hakujua kungoja. Asubuhi yeye aliosha bajaji uani, mimi nikichemsha chai, watoto wakigombania viatu.

Siku moja tairi la nyuma lilianza kulia. "Mama watoto, njoo uinue!" aliniita. Ndivyo madereva wote wa mtaa wetu walivyofanya. Mmoja anainamisha bajaji kwa bega, mwenzake anasukumia tofali chini. Tukainua. Tofali likaingia, naye akaingiza mkono chini ya bajaji.

Tofali likapasuka.

Mungu wangu! Ukelele ule sitausahau. Majirani waliinua bajaji, mkono wake wa kulia ukatoka umepondeka. Hospitalini walimkata vidole, kikabaki gumba tu.

Alirudi nyumbani, akalala akitazama ukuta. "Nimekwisha," alisema. "Nitashika nini? Watoto watakula nini?"  Waliokuja kutupa pole walisema ajali haina kinga. Niliwaitikia, kisha nikaenda jikoni kulia. Bajaji ilibaki uani na tairi lake bovu.

Ndipo akaja jirani yetu, fundi wa bajaji, ameshika jeki.

"Shemeji, ajali hii ilikuwa na kinga," alisema. "Njoo nikuonyeshe."

"Ya nini sasa?" nilimjibu kwa hasira. "Vidole vitaota?"

"Havitaota. Lakini vyako bado unavyo."

Tuliisukuma bajaji hadi penye sakafu ngumu, tambarare. Akazima injini, akaweka gia, akavuta breki ya mkono. Nikazuia tairi la mbele kwa mawe, mbele na nyuma yake.

"Legeza nati kwanza, tairi likiwa chini," alisema. "Ukizivuta kwa nguvu ikiwa juu, bajaji itayumba."

Nikaweka jeki chini ya chasisi, kile chuma kinene kinachobeba bajaji. Si chini ya bati, maana bati hubonyea. Nikainua kidogo kidogo.

"Sasa niingize mkono?"

"Ala! Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea." Akaweka stendi ya chuma chini ya chasisi, tukaishusha bajaji ikakaa juu yake. "Itikise."

Nikaitikisa kwa nguvu zangu zote. Haikusogea.

"Na tofali je?"

"Tofali ni la kujengea nyumba, shemeji."

Mume wangu alikuwa mlangoni, anatazama. "Kazi yenyewe ni hiyo tu?" aliuliza.  Akaketi kizingitini, akalia mbele ya watoto.

Tulibadilisha beringi iliyochakaa, ile pete ya gololi inayozungushia tairi, tairi likanyamaza. Siku hizi madereva wa mtaani huja kuazima jeki na stendi. Wakiuona mkono wake, hawabishi.

Bajaji naendesha mimi. Alinifundisha mwenyewe zamani, na leseni ninayo. Abiria wangu wa kwanza alikuwa yeye, nikimpeleka hospitalini kusafishwa kidonda. Alikaa kiti cha nyuma. Nilipoongeza mwendo nilimwona kwenye kioo. Mkono wake wenye bandeji ulikuwa unazunguka taratibu, kama umeshika usukani, unaongeza mafuta.