Wino wa Bibi Arusi

Wiki ya kufungua shule, mwaka wa tisini na nane, duka la vifaa vya ofisi kwenye Barabara ya Digo halikuwa na pa kutia mguu. Wazazi walijazana kaunta wakidai madaftari na rula, watoto wakilia, pangaboi likizunguka bila kuleta upepo. Katikati ya msongamano huo alisimama Khairiya binti Taib, buibui lake limetoka kufukizwa udi, amekumbatia kasha la chupa za wino kwa mikono miwili.

"Hizo usinunue, dada," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la buluu limepigwa pasi likanyooka, na vidole vina madoa mekundu kama mtoto aliyekula mabuyu.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nimeona kasha, nikaona huruma. Una mashine ya kuchapa picha kubwa?"

"Ninayo. Na wewe huna kazi ila kuwahurumia watu madukani?"

"Kazi yangu kuzitengeneza mashine hizo. Naitwa Chirau."

Akamwomba muuzaji karatasi, akadondosha tone la wino, akalipuliza mpaka likakauka. Kisha akatia kidole ulimini, akasugua. Wekundu ukamfuata kidole.

"Umeona? Huu ni wino wa maji. Rangi tamu, yameremeta kama halua, lakini itundike picha karibu na dirisha kwa hewa yetu hii ya chumvi. Miezi sita tu, bibi arusi amekuwa mzimu. Wewe wataka wino wa unga. Rangi yake imepoa kidogo, lakini yakaa."

"Nani kakwambia napiga picha za maarusi?"

"Udi saa nne ya asubuhi, siku ya kazi! Ama ni arusi, ama ni uganga."

Khairiya akacheka bila kutaka, akavuta ushungi kuficha meno. Kwa ukaidi wake, kasha lile akalinunua vilevile, ili kijana asije akajiona. Lakini nambari ya simu aliyoandikiwa nyuma ya karatasi aliitia mkobani, na ukaidi wote ukamwishia hapo.

Mji wa Kale mzima ulimjua Khairiya kwa jambo moja. Alikuwa akipiga picha kwenye shughuli za wanawake, kupamba na kutia hina, pale bibi arusi anapokaa kichwa wazi na mapambo yake yote na mwanamume yeyote asiye wake haruhusiwi kuchungulia. Filamu zake zilisafishwa na Rispah, mwanamke mwenziwe, na picha kubwa alizichapa mwenyewe chumba cha chini cha nyumba yao Kibokoni, mlango umefungwa. Wenye mabinti walimwamini. Amana hiyo ndiyo iliyokuwa mkate wake na heshima yake, na angeipoteza, hakuna kamera ambayo ingemfaa kitu.

Simu ya kwanza alipiga kuuliza habari za wino. Ya pili, habari za wino. Ya tatu ilidumu muda mrefu mpaka mamake akakohoa mlangoni.

"Nijaze kwa sindano, ama nitundike chupa na mipira?" aliuliza.

"Ukijaza kwa sindano kila siku utaingiza hewa, na hewa ni adui. Chupa zikining'inia ukutani, mashine yanywa yenyewe kwa raha zake. Nitakuja kukufungia, mama awepo. Lakini sikiza, laazizi..."

"Laazizi ni nani?"

"Ulimi umeteleza."

"Basi usiuokote. Sema."

"Ule wino wa maji ulionunua kwa ukaidi, utupe. Usiuchanganye na wa unga hata mara moja. Zikikutana huganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu, na kichwa cha mashine huziba."

Alikuja kufunga chupa, mama yake Khairiya amekaa kiti cha mlangoni na tasbihi. Baada ya hapo walionana ufukoni Mama Ngina jioni za Jumapili, Rispah akiwa katikati yao anatafuna mihogo na kujifanya hasikii. Walipendana, hapana haja ya kuzunguka maneno. Chirau alikuwa Mdigo wa Msambweni, fundi wa kuajiriwa, na alikuwa akitafuta namna ya kumfikia mzee Taib apose.

Mwezi wa Rajabu, Bi Shukri wa Kibokoni akawa anamwoza binti yake Yumna. Bi Shukri alikuwa mwanamke ambaye akikusifu, nyumba kumi zinakuita. Akikunyamazia, nyumba kumi zinakupita. Alitaka picha ya Yumna yenye urefu wa mtu, isimamishwe ukumbini siku ya kupamba, kisha iende chumbani kwa maarusi. Khairiya akampiga Yumna picha kabla ya siku yenyewe, kwa dhahabu na asumini, na hata yeye mpigaji alisahau kubonyeza kwa uzuri wa yule mtoto.

Ijumaa, kupamba ni kesho, mashine ikatoa maua, ikatoa asumini, ikafika kwenye paji la uso. Wekundu ukaisha. Maduka yamefungwa kwa sala, Chirau hapatikani. Khairiya akatazama uvunguni, akaliona lile kasha. Wekundu ni wekundu, akajiambia, kidogo tu kumalizia uso. Akamimina. Mashine ikakwangura, ikatoa mistari ya hudhurungi, ikasimama.

"Umechanganya," Chirau alisema kwenye simu baada ya sala.

"Usinigombeze, mpenzi. Kesho ni kupamba. Nitafanya nini?"

"Kata karatasi uitoe, ufunike. Naja."

Alikuja mbio na chupa mpya ya wino mwekundu wa unga, mbele ya wazee wote wa barazani. Khairiya alikuwa ameitoa ile karatasi na kuifunika leso mbili. Chirau akakifungua kichwa cha mashine, akakiosha kwa maji ya moto na spiriti, akanyonya uchafu kwa sindano, saa nzima, jasho likimtiririka. Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni, alipotoka kuchukua udhu na Khairiya alipokwenda kuleta maji mengine, Chirau akaiwasha mashine kujaribu mstari mmoja.

Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu. Ilijua ilikomea wapi. Badala ya mstari wa majaribio, ikaendelea na picha: nyusi, macho, pua, midomo ya Yumna, mpaka kidevuni.

Khairiya aliporudi na birika alimkuta Chirau amesimama ukutani, ameipa mashine mgongo, waya wa umeme mkononi.

"Imeendelea yenyewe," akasema. "Nimeing'oa, lakini nimechelewa. Nimeona."

"Hukuona."

"Nimeona, Khairiya."

"Hukuona, Chirau! Wanisikia? Mato yako hayakuona kitu."

Chirau akaosha mikono, akaenda zake. Khairiya akachapa picha upya, na kesho yake ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Yeye alikaa pembeni na kamera yake, akiinamia lenzi kila alipotazamwa.

Maneno ya barazani hayalali njaa. Wiki moja baada ya arusi Bi Shukri alimwita, akamkaribisha kahawa, akamuuliza taratibu, "Nasikia kuna mwanamume aliyeingia kwako kabla ya kupamba. Hakumuona Yumna?"

"Ni fundi tu, Bi Shukri. Picha ilikuwa imefunikwa. Hakuona kitu."

Alitoka pale, akakimbilia simu.

"Chirau, Bi Shukri amechukua nambari yako, atakupigia. Akikuuliza, sema hukuona. Hata akikutaka yamini, kula."

"Usinitake hilo."

"Ni jina langu! Wewe wapoteza nini?"

"Nitapoteza wewe, najua. Lakini kula yamini ya uongo siwezi, mpenzi wangu. Niombe kingine chochote."

"Sina kingine cha kukuomba," akasema, akaweka simu.

Bi Shukri alipiga. Chirau akamwambia, "Niliona, mamangu. Ilikuwa kosa la mashine, na haraka yangu. Nakuomba radhi wewe na binti yako." Basi, maneno hayo tu, na kufikia Jumatatu, arusi tatu za mwezi wa Shaabani zilikuwa zimemtafuta mpiga picha mwengine.

Khairiya alimchukia. Alimchukia asubuhi akifagia chumba kisicho na kazi, akamchukia zaidi jioni simu ilipolia.

"Umeiwasha wiki hii?" Chirau akauliza. "Wino wa unga ukikaa bila kazi, hukauka ndani ya kichwa."

Khairiya akaweka simu. Kila Alhamisi hivyo hivyo, Ramadhani ikaingia ikatoka, na mashine hakuiwasha. Alisema ni hasira. Lakini ukweli ulianza kumla polepole, na siku moja akitandika kitanda ukamtoka kinywani: fundi aliona kwa ajali, bali yeye alidanganya kwa kukusudia, kisha akataka na mwenziwe adanganye. Akakaa chini akalia.

Alhamisi ile simu ilipolia akaipokea kabla ya mlio wa pili.

"Umekauka," akasema.

"Nije?"

"Usije. Nifundishe. Nataka kuifungua mwenyewe, asihitajike mwanamume tena chumbani humu."

Akamfundisha. Skrubu ya kushoto kwanza, usilazimishe, sasa mpira, sasa maji ya moto, si ya kuchemka. Khairiya alikuwa na simu kati ya bega na sikio, vidole vimeingia manjano na buluu mpaka kwenye kucha.

"Chirau."

"Naam."

"Nilikutaka ule yamini ya uongo kwa ajili yangu. Nisamehe."

"Nilikusamehe kabla hujaweka simu siku ile. Kilichonishinda ni kukaa bila sauti yako."

"Kwa nini ulikuwa ukipiga habari za wino tu?"

"Ningekwambia nakupenda ungeweka simu haraka zaidi."

Akacheka na machozi yake. Kichwa kikazibuka. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, akaenda kwa Bi Shukri bila kuitwa, akasimama mbele yake, vidole vingali na rangi, akasema yote. Wino aliouchanganya, picha iliyotoka, uongo aliousema.

Bi Shukri alimsikiza mpaka mwisho.

"Ungalinambia siku ile, ningalikufokea, yakaisha," akasema. "Mashine haina akili. Lakini niliketi na weye hapa hapa, nikakuuliza uso kwa uso, ukanikania. Arusi ya nduguye Yumna sikupi. Na wakiniuliza watu, sitawaficha."

"Ni haki yako, Bi Shukri." Khairiya akageuka aende.

"Keti. Sijamaliza. Yule kijana alijua jawabu lake litawatia hasara yeye na weye, na bado akanambia kweli. Yuwakupenda?"

Khairiya akatazama sakafu. "Ndiyo."

"Babako yuwasemaje?"

"Asema hamjui, wala hajui kwao. Hampi binti yake mtu asiye na wa kumsemea."

Bi Shukri akamimina kahawa, kikombe kimoja, akamsogezea.

"Mwambie alete wazee wake Ijumaa. Nitakuja kwa babako kumsemea mimi."

Khairiya alilia pale pale, furaha na haya zimemshika pamoja. Akafuta machozi, akauliza, "Na jina langu, Bi Shukri?"

"Jina lako," Bi Shukri akasema, "utalitafuta mwenyewe."