Pete ya Kufukuzia Nzi

Pale soko la Kejetia, mjini Kumasi, mwanamke haulizwi kama ameolewa. Anatazamwa kidole, halafu maneno yanaanza. Aliyepata mume tajiri, "pete imemzidi kidole." Aliyeachwa, "pete imelegea." Na wale wauza vitenge wanaojinunulia pete ya shaba ili wanaume wawaache wafanye biashara kwa amani, hao wamevaa "pete ya kufukuzia nzi."

Ya Pokuaa, muuza vitenge, ilikuwa hiyo ya nzi.

Siku aliyokutana na Boadi soko lilikuwa limefurika. Boadi, fundi wa kutengeneza cherehani, alikuwa amebeba kichwa cha mashine begani. Mtu akamsukuma, na oili ikamwagikia kitenge cha njano kilichotandazwa mezani kwa Pokuaa.

"We kaka! Una macho au una vifungo?"

"Nisamehe, dada'angu." Boadi akakitupia jicho kidole cha Pokuaa. "Nitakilipa. Mumeo asije akanitoa roho bure."

"Mume gani tena?"

Neno likawa limeshamponyoka. Maame Adoma, jirani yake wa meza, akacheka mpaka kigoda kikalia. "Haya, umejifichua mwenyewe! Nzi kaingia, mwanangu."

Nzi huyo alikuwa na mabega mapana na sauti ya taratibu, na Pokuaa, aliyejifunga kilemba chekundu siku hiyo, hakutamani kumfukuza. Kesho yake Boadi alirudi kukilipia kitenge. Keshokutwa alirudi bila sababu. Haukupita mwezi, wakawa chanda na pete, simu haziwatoki masikioni.

"Uko wapi, moyo wangu?"

"Kwa fundi nguo mmoja hapa Bantama. Mashine inaruka mishono."

Nyuma yake sauti ya kike ikadeka: "Boadi wangu, njoo basi uniangalizie na hii sindano!" Kicheko kikafuata.

"Nani huyo?" Pokuaa akauliza.

"Mteja."

"Mteja anacheka hivyo kwa sababu ya sindano?"

Boadi akacheka, akadhani ni utani. Wanaume bwana! Wivu wa mwenzake hakuusikia, kwa kuwa wake ulikuwa unampigia kelele. Ile pete ya shaba ilimkera. Kila akiiona alihisi kuna mwanaume amesimama nyuma yake.

"Ivue, mpenzi. Sasa nipo mimi."

"Nikiivua, yule Kodjo wa Lomé ataanza tena."

"Kodjo gani?"

Bora asingeuliza. Kodjo ndiye aliyewaletea wauzaji vitenge vya jumla kutoka Togo, mtu wa viatu vyeupe na marashi yanayotangulia mwili. Tangu siku hiyo Boadi akawa hali akashiba. Alipita sokoni mara tatu kwa siku, akijidai ana safari za upande ule. Ijumaa moja akamkuta Kodjo ameinamia meza ya Pokuaa, amemshika kidole, anaigeuzageuza ile pete na kusema, "Mbona huyo mumeo hatumwoni?"

Boadi alikuwa na pete ya dhahabu mfukoni tangu wiki iliyotangulia. Akapiga goti palepale katikati ya marobota, akamvuta Pokuaa mkono, akamvika juu ya ile ya shaba. Soko likalipuka kwa vigelegele.

Pokuaa hakucheka. Kumasi nzima inajua kwamba pete haitangulii hodi. Wazee wa mwanaume huenda kwanza na chupa mbili za pombe kali kwa mjomba wa msichana. Ikikosekana hodi hiyo, watu husema "pete imeingilia dirishani," na msichana hubeba neno hilo mpaka uzeeni.

"Boadi," akasema polepole, "umenivika mimi, au umemvika yule uliyekuwa unamtazama?"

Boadi kweli alikuwa akimtazama Kodjo. Pokuaa akaivua ile dhahabu, akaitia mfukoni mwa shati la Boadi.

"Basi kaa na Mlomé wako!" Boadi akafoka, akaondoka.

Hakupiga simu. Naye Pokuaa hakupiga, ingawa aliiweka simu mezani karibu na mkasi na kuitazama siku nzima. Wiki mbili zikapita hivyo, kila mmoja akiungua kwake, hadi Maame Adoma alipochoka.

"Haloo, we mpumbavu mwenye mabega," akamwambia Boadi kwenye simu. "Kodjo alifukuzwa siku ileile, kitenge kikamfuata kichwani. Mwanaume mwenye wivu haendi kwa mshindani wake, anakwenda kwa mjomba."

Jumamosi asubuhi Boadi akaketi nyumbani kwa Mzee Ntim, mjomba wa Pokuaa, shuka la heshima likimteleza begani kwa jasho. Wazee wake walikuwa pembeni, chupa mbili mbele yao. Pokuaa akaitwa, amevaa gauni la kile kitenge cha njano, doa la oili likionekana kiunoni. Hakulifua makusudi.

"Mwanangu," akasema mjomba, "wageni wameleta vinywaji. Tupokee?"

"Pokeeni, mjomba."

"Tukinywa hatutatapika. Tupokee?"

"Pokeeni."

"Nauliza mara ya tatu na ya mwisho. Tupokee?"

Pokuaa akaitazama pete yake ya shaba. Boadi akaona dunia inamtoka. Jibu la tatu ndilo linalofunga ndoa au kuivunja, na hapo hakuna wa kumsukuma msichana.

"Mjomba, nina neno kwanza." Akaivua pete ya shaba, ikaacha duara la kijani kidoleni, akamwendea Boadi. "Wivu wako soko zima liliuona. Wangu uliuona? Nzi wangu niliwafukuza. Wako nawasikia kwenye simu kila siku, wanacheka." Akajaribu kumvika, pete ikagoma kwenye vidole vyote isipokuwa cha mwisho. "Utaivua?"

"Hata nikishika oili, siivui," akasema Boadi. "Nisamehe, mpenzi. Sikusikia."

"Mjomba," akasema Pokuaa, "pokeeni."

Jumatatu Boadi alikuwa Bantama, simu sikioni, bisibisi mkononi.

"Boadi wangu, hii sinda..." Fundi nguo akakiona kidole. Sauti ikabadilika. "Karibu kiti, fundi."

"Nani huyo?" akauliza Pokuaa kwenye simu.

"Mteja."

"Mbona leo hacheki?"