Mwandiko wa Kua

Kadi ilitoka kwenye printa ikiwa ya moto, lakini wino wake haukukauka. Devota alipoligusa jina la bwana harusi, Shaabani, lilifutika lote likabaki kidoleni kama masizi. Jina la bibi harusi, Kidawa, halikuchafuka hata kidogo.

Devota alikuwa na duka la kuchapa kadi Kilindoni. Mwandiko wa kadi ile aliubuni mwenyewe. Alivuka kwenda kisiwa cha Juani kwenye magofu ya mji wa kale wa Kua, akapiga picha nakshi za ukuta mmoja, kisha akazifuatisha kwenye kompyuta mpaka kila herufi ikapata mkia mrefu wa kujikunja. Wateja aliowaonyesha waliupenda sana, na kadi hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kuutumia. Yeye hakuhisi kitu. Tangu amzike mumewe, Hosea, hakuwa akihisi kitu.

Akachapa tena. Safari hii mkia wa ile K ya Kidawa ulirefuka ukalifunika jina la Shaabani. Duka likanuka udi mbichi. Umeme ukakatika, feni ikasimama, lakini printa ikaendelea kutoa kadi polepole, moja juu ya nyingine, na kila kadi ilikuwa na jina la Kidawa peke yake na ule mkia mweusi umelizunguka, umelibana, kama mkono wa mtu aliyelala nyuma ya mkewe.

Mchana Kidawa alikuja na bibi yake, Biubwa, aliyekuwa mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Kidawa aliitazama kadi bila kushtuka. "Ndiye huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu dada uandike jina langu kwenye kompyuta wiki iliyopita, anakuja kukaa kitandani kwangu. Sura ya Shaabani siikumbuki tena."

Biubwa akafukiza ubani, akamuuliza tena aliyemo ndani ya Kidawa ni nani na anataka nini. Kidawa akajibu kwa sauti nzito ya kiume.

"Nimeandikiwa mke kwa nakshi za ukuta wangu. Bila mke siondoki."

Biubwa akaweka chetezo chini. "Anataka jina la mwanamke mwingine," alimnong'oneza Devota. "Na mwenyewe alitoe kwa hiari. Langu nimempa jana, amelikataa."

Umeme ulikuwa umerudi. Devota akaketi, akafuta jina la Kidawa, akaandika lake.

"Mwanangu, unajua unachokifanya?"

"Najua, bibi. Mimi hakuna kinachoniuma."

Akabonyeza. Ilitoka kadi moja tu. Hapo Kidawa akaanguka magotini, akalia kwa sauti yake mwenyewe, akimwita Shaabani.

Harusi ilifanyika. Devota hakuhudhuria. Duka alilifunga, na mwandiko akaufuta kwenye kompyuta.

Siku hizi akipika chakula cha mchana hupakua sahani mbili. Jirani yake, Happy, alimkuta hivyo akamuuliza anamngoja nani.

"Mume wangu."

Happy akamshika bega. "Devota, Hosea alishafariki."

"Si huyo," alisema Devota, akavuta kiti cha pili nyuma kidogo ili mtu apate kukaa.