Nahodha wa Chumba cha Mafagio

Kila Alhamisi baada ya masomo, chama cha redio kilikutana katika chumba cha mwisho cha shule kutekeleza ibada yake ya kutojibiwa. Mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimbatiza Antena kwa urefu wake, aliwasha mtambo, akasafisha koo, akamwita yeyote duniani anayemsikia. Kisha wote wakatega masikio. Redio ilichachatika kama mafuta kikaangoni, wakaizima, wakaenda zao.

Mwanzoni wanachama walijaa hadi mlangoni. Sasa walibaki watatu, na mmoja wao alikuja ili kukwepa kufagia uwanja. Kasuku, msichana aliyeweza kuiga sauti ya kiumbe chochote pamoja na kengele ya shule, alibaki kwa sababu Antena alikuwa mjomba wake. Walikaa nyumba moja, na alimwona mezani akikitazama chakula mpaka kikapoa. Mwalimu mkuu alikwisha sema: Alhamisi ijayo ikipita bila jibu, chumba kitakuwa stoo ya madawati mabovu.

Mapenzi hayana macho, na utundu hauna breki. Alhamisi hiyo Kasuku alisingizia tumbo, akajifungia katika chumba cha mafagio na kirushio kidogo cha redio ambacho wanachama walikiunda wenyewe kwa mazoezi. Mjomba alipoita, akamjibu kwa sauti nzito ya nahodha wa meli ya mizigo, aliyeko katikati ya bahari na anayemsikia barabara.

Vifijo vilipenya ukutani. Kasuku alipotoka, ameshika tumbo kwa heshima zote za mgonjwa, alimkuta mwalimu mkuu, aliyekuja kushuhudia mazishi ya chama, akiahidi kwamba chumba kitabaki na wazazi wataalikwa wamsikie nahodha. Antena peke yake hakucheka. Alingoja wote watoke.

"Nahodha wako ana nguvu," alisema, akionyesha kipimo cha mtambo. "Sauti ya mbali huutikisa mshale huu kidogo tu. Yake imeulaza hadi mwisho."

"Labda meli yake ni kubwa."

"Au iko nyuma ya ukuta huu."

Kasuku akainamisha kichwa. "Sikutaka wakufungie chumba, Mjomba."

Shuleni ilimpasa kumwita Mwalimu. Safari hii hakusahihishwa, na hilo lilimtisha kuliko kugombezwa. Mjomba alimweleza kwamba kila anayesema hewani hujitambulisha kwa kweli. Hiyo ni sheria, na anayeivunja huweza kunyang'anywa leseni. Kisha akamshika mkono hadi ofisini.

Mwalimu mkuu alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Aliwashukuru kwa kusema ukweli, akaagiza madawati yaletwe. Chama kikahamia baraza ya nyuma, kunakovuma upepo. Yule mkwepa ufagio aliona heri ufagio.

Alhamisi iliyofuata Kasuku ndiye aliyeshika kipaza sauti. Alitaja jina lake kamili, akasema yule nahodha hakuwahi kuwapo, akamwomba radhi yeyote aliyemsikia. Wakasikiliza. Redio ikachachatika. Hakuna aliyejibu.

"Hata msamaha wangu hauna wa kuupokea," alisema. "Sasa tumepata nini?"

Mjomba aliuzima mtambo.

"Chumba hatukipati tena," alisema. "Lakini siku mtu akitujibu kweli, ningependa tuaminike. Kutojibiwa si aibu, mpwa wangu. Aibu ni kujijibu mwenyewe, kisha ukapokea makofi."

Kasuku akashika upande mmoja wa mtambo, mjomba upande wa pili, wakaubeba kuurudisha nyumbani, maana barazani hapakuwa na mlango wa kufunga.